Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Tanga: mafunzo ya biashara mtandaoni yaleteni sokoni

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Tanga, Mstahiki Meya na madiwani wote, Mkurugenzi wa Jiji, maafisa maendeleo ya jamii na maafisa biashara mpaka ngazi ya kata, na ndugu zetu wa SIDO mkoa, shirika la viwanda vidogo.

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wakubwa zangu.

Naandika nikiwa kibandani kwangu Ngamiani. Bango langu limeandikwa fundi simu na steshenari, kubadili vioo, kutoa kopi, picha za pasipoti, ila kazi inayonila muda kuliko zote ni kuwafungulia watu WhatsApp, kuwatafutia paswedi walizosahau, kuwafutia mapicha simu ikijaa, na wengi wanaokuja kwa shida hizo ni wafanyabiashara wadogo, kina mama wa samaki wa pale Deep Sea, wauza madera na khanga, mafundi cherehani, wauza viungo vya kutoka Amani, vijana wa mitumba, kina bibi wa visheti na kashata, wasusi wa vikapu vya mkonge. Hawa ndo ninaowasemea.

Ombi langu ni moja na naliweka mapema. Mafunzo ya biashara mtandaoni yatoke ukumbini yaje sokoni, yafundishwe kwenye simu ya mtu mwenyewe, na mwalimu awe anarudi mpaka yule mtu apate oda yake ya kwanza, alipwe, na mzigo ufike.

Semina zimefanyika, sisemi hazijafanyika, na sitaji aliyeandaa sababu sitaki barua hii iwe ya kumchongea mtu. Watu wanaitwa ukumbini asubuhi, mgeni rasmi anachelewa, projekta inawaka, kijana mtaalamu anaongea kuhusu masoko ya kidijitali kwa maneno ambayo hata mimi nayasikia mara moja moja, wanakula, wanapiga picha ya pamoja, wanasaini karatasi, wanapewa mkoba na daftari. Kesho yake mama mmoja anakuja kwangu na mkoba wake mpya ananiambia mwanangu jana wametuambia kila mtu awe na peji, sasa hiyo peji inapatikana wapi na ni shilingi ngapi. Yule mama hana tatizo la akili, anajumlisha mahesabu ya ndoo za samaki kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo. Tatizo ni kwamba siku nzima hakuna mtu aliyeshika simu yake akamwonyesha.

Tukumbuke M-Pesa ilivyoingia. Vodacom waliianzisha hapa nchini 2008, na wakati ule wazazi wetu wengi hata meseji walikuwa wanaandikiwa na wajukuu. Leo bibi mzee kabisa anatoa hela, anaangalia salio, anajua makato, na muamala asiouelewa anaukataa. Nani kamfundisha? Hakuitwa ukumbini. Kafundishwa na wakala wa mtaani kwake, siku ambayo mwanae wa Dar katuma hela, hela imo ndani ya simu na yeye anaitaka. Akaambiwa bonyeza hapa, weka namba ya siri mi nageuka pembeni, subiri meseji, haya soma salio. Wiki ijayo karudi kasahau akaelekezwa tena bila kuchekwa, na ikaendelea hivyo mpaka siku akafanya mwenyewe. Hela ilikuwa yake na simu yake, na akikwama kuna mtu jirani wa kumkimbilia. Mimi naamini kabisa biashara ya mtandaoni itaingia Tanga kwa njia hiyo hiyo au haitaingia kwa hawa watu, itabaki kwa vijana wachache wenye simu kubwa.

Sasa niwaeleze ninachokiona, maana kuposti ndo kitu rahisi kuliko vyote, mtoto wa darasa la sita anaposti. Kazi inaanza baada ya hapo.

Anza na namba. Wengi simu zao WhatsApp imefunguliwa kwa namba ya mtu mwingine, ya mtoto au ya laini waliyotupa zamani, kwa hiyo mteja akipiga ile namba anapokea mtu wa Korogwe asiyejua lolote. Au peji ya Instagram ilifunguliwa na mpwa, paswedi anayo mpwa, mpwa kahamia Mwanza na simu kabadilisha, basi wafuasi wote wa miaka ile wamekwenda na mama anaanza upya. Somo la kwanza kabisa liwe hili, akaunti ifunguliwe kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na anaweza kuhakiki kwa *106# aone namba gani ziko chini ya kitambulisho chake cha NIDA, paswedi aijue yeye na aiandike mahali pa kudumu nyumbani. Hilo peke yake lingepunguza nusu ya vilio ninavyovisikia hapa.

Alafu picha. Soko letu limefunikwa maturubai na mengi ni ya bluu, ukipiga picha chini yake kila kitu kinakuwa na ubluu, khanga nyekundu inatokea zambarau, samaki mbichi anaonekana kalala siku mbili. Mteja wa Dodoma anapokea khanga anasema sio hii niliyoiona, na ana haki. Kumfundisha mtu atoke nje ya turubai asubuhi kabla jua halijawa kali, afute kioo cha kamera kwa upande wa khanga, aweke kitu juu ya mkeka wa rangi moja, ni dakika kumi tu na haihitaji projekta. Na tuwaambie ukweli, picha ya kuchukua kwenye peji ya mtu wa Kariakoo ukaweka kama ni mzigo wako ni kumdanganya mteja, akidanganywa mara moja hatarudi na atawaambia na wenzie.

Hapa niongee kwa mkazo kidogo, hii tabia ya bei njoo inboksi ituondokee. Mtu kaona dera, kalipenda, anataka kujua shilingi ngapi, anaambiwa aje inboksi, anakuja, anajibiwa kesho yake jioni, ameshanunua kwingine. Najua kwanini wanafanya hivyo, wanaogopa jirani ataona bei ashushe, na wanataka nafasi ya kupatana, maana biashara yetu ya pwani ni ya kupatana na mi sina shida nayo. Lakini mteja aliye mbali hana muda wa kupatana asikokujua. Weka bei, andika na nauli ya mzigo mpaka Dar, mpaka Moshi, atakayetaka kupunguziwa ataomba tu, tunajuana.

WhatsApp Business ni ya bure na ndo ningeanza nayo kabla ya Instagram na TikTok, sababu watu wetu WhatsApp wameshaizoea kwa magrupu ya vikoba na ya misiba. Ina katalogi ya kupanga bidhaa na bei zake, ina majibu ya kuweka tayari, ina sehemu ya kuandika uko wapi na unafungua saa ngapi. Wengi wanayo kwenye simu na hawajawahi kufungua hiyo katalogi. Vilevile hakuna aliyewaambia kwamba ukituma tangazo kwa orodha ya watu wengi, yule ambaye hajasevu namba yako halimfikii, ndo maana mtu anatuma kwa wateja wake wote wanapata watano. Mfundisheni amwambie kila mteja anayenunua pale kibandani, naomba nisevu kabisa.

Na wasiojua kuandika wasiachwe. Wapo mama zetu hawaandiki vizuri ila wakiongea mteja haondoki, hao wafundishwe kujibu kwa voisi, shika hapa ongea achia, basi. Nimemwona muuza dagaa anauza kwa voisi mpaka Arusha, anasalimia, anauliza hali ya watoto, ndo anataja bei, na mteja anatuma hela. Upande mwingine wapo viziwi, mafundi wazuri tu, ambao sokoni wanapata tabu kuelewana na mteja lakini kwa meseji na picha wanaelewana naye sawasawa na mtu yeyote. Kwenye semina za ukumbini sijasikia wakipewa mkalimani wa alama.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo mtaalamu akija kutoka mbali halijui. Wanawake wengi wa hapa Tanga hawataki sura zao ziwe mtandaoni, wengine kwa dini, wengine kwa sababu za ndani ya nyumba, na wakiambiwa lazima ujirekodi video uongee mbele ya kamera wanaacha na biashara yenyewe. Hawalazimiki. Mikono inayokanda unga wa mahamri inatosha, mikono inayosuka kikapu inatosha na pengine inauza zaidi. Muwatafute walimu wanawake kwa makundi ya wanawake, watafunguka na kuuliza yale ambayo mbele yangu mimi mwanaume hawaulizi.

Malipo sasa. Lipa namba wengi hawana, wanapokea hela za biashara na hela za mtoto kutumwa dukani kwenye laini moja, mwisho wa mwezi hajui kauza nini. Kuipata ni kwenda kwa mtandao wako na kitambulisho, lakini mtu anaogopa ofisi, anaogopa fomu, basi mleteni mtu wa mtandao sokoni siku moja ya juma awasajili pale pale. Na muwafundishe wizi unavyofanyika, hili naliomba kwa moyo wote. Mteja feki anatuma meseji aliyoiandika mwenyewe imefanana kabisa na ya muamala, mama anatoa mzigo, akija kuangalia salio hakuna kitu. Angalia jina la aliyetuma meseji, kama ni namba ya kawaida hiyo sio ya mtandao, na angalia salio kabla mkono haujaachia mzigo. Kuna na ile ya mtu anapiga anasema nimekutumia namba za tarakimu sita kwa bahati mbaya naomba unisomee, ukimsomea kakuchukulia WhatsApp yako, na ndani ya nusu saa wateja wako wote wanaombwa elfu hamsini kwa jina lako. Dawa yake ni ile hatua ya pili ya uthibitisho kwenye mipangilio (settings) ya WhatsApp, unaweka pini yako, na zile tarakimu humsomei mtu hata akisema ni mkuu wa mkoa. Namba ya matapeli ikikutumia meseji unaipeleka 15040, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliiweka kwa kazi hiyo, lakini ulizeni pale sokoni wangapi wanaijua.

Mzigo ukishalipiwa unatakiwa ufike, na hapo ndo napenda zaidi kufundisha mwenyewe maana sisi tumejaaliwa mabasi. Stendi ya Kange magari yanatoka kwenda Dar, Moshi, Arusha, yanabeba vifurushi kila siku. Ila mtu lazima ajue kufunga boksi vizuri, kuandika jina na namba ya mpokeaji pande mbili kwa kalamu nene, kudai risiti, kupiga picha ya risiti na ya namba ya gari, kumtumia mteja hapo hapo, na jioni kuuliza kama kapokea. Mteja akitumiwa hiyo picha moyo unatulia. Hii ndo inayomtofautisha muuzaji na tapeli machoni mwa mtu aliye Dodoma ambaye hajawahi kufika Tanga, na sijaona ikiwekwa kwenye mada ya semina hata moja.

Wanaouza chakula na vyumba kuna kitu kingine wangefaidi, kuwekwa kwenye ramani ya Google. Bandari imepanuliwa, Chongoleani bomba la mafuta linakuja kuishia pale, wageni wanaingia mjini wanafungua simu kutafuta pa kula, wanapata hoteli mbili tatu kubwa basi. Mama lishe wa barabara za Ngamiani mwenye pilau ambalo watu wanalifuata kutoka mbali hayupo humo. Kumweka ni bure.

Niseme na la hofu. Watu wengi wananiambia nikijitangaza TRA watanikuta, au nitaambiwa nilipie leseni ya mtandao. Mtu akibaki na hofu hii hakuna semina itakayomsaidia, anasikiliza anatikisa kichwa anaenda kulala. Afisa wa kodi na afisa biashara waje sokoni waseme kwa midomo yao. Waseme kwamba kwa wale wanaolipa kodi kwa makadirio, mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, waseme nani anahitaji leseni ya biashara na nani kitambulisho cha mjasiriamali kinamtosha, waseme jina la biashara linasajiliwa vipi BRELA kwa mtandao bila kwenda Dar. Na wawaambie pia kuhusu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, kwamba namba ya mteja sio ya kugawa wala kumwingiza kwenye magrupu bila kumuuliza. Wakisikia kutoka kwa mwenye mamlaka watatulia, mimi nikisema wananiambia wewe fundi simu tu.

Vilevile tusiwafundishe kutegemea mtandao kama vile haukatiki. Mei 2024 nyaya za baharini zilipopata hitilafu nchi nzima ilikwama, na Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa, mwenye samaki wa oda hakuwa na njia ya kumpata mteja wake, samaki hawasubiri. Waliokuwa na daftari lenye majina na namba za wateja walipiga simu ya kawaida na meseji za kawaida. Daftari liwe sehemu ya somo. Na hapa nawaomba nyie viongozi wenye kikao na wakubwa zaidi, mnapokaa huko mseme kwamba intaneti ikizimwa anayelala njaa ni huyu mtu mdogo mnayemhimiza aingie kidijitali.

Sasa mtauliza nani atafundisha na hela zitoke wapi. Walimu wapo. Hapa mjini tuna VETA, tuna Chuo cha Utumishi wa Umma, wanafunzi wao kila mwaka wanahangaika kutafuta pa kufanyia fildi, wapeni soko. Sisi mafundi simu na mawakala tupo kila mtaa, tufundisheni sisi kwanza vizuri, tupeni utambulisho rasmi wa jiji ili mama ajue anampa simu yake nani, na tukikiuka tunyang'anywe. SIDO wapo tangu 1973, wanajua kumfundisha mtu kufungasha na kuweka lebo, waungane na huyu wa kufundisha picha na bei, maana asali ya Handeni ikiwa kwenye chupa ya maji ya dukani hata uiposti vipi mteja wa mbali ataiogopa.

Kuhusu hela, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, ilisimama 2023 na ikarudi 2024, na tunashukuru imerudi. Kikundi kinapoandaliwa kuchukua mkopo kinafundishwa vitabu na marejesho. Ongezeni hapo hapo wiki sita za kuuza mtandaoni, mwalimu akija mara moja kwa wiki pale walipo, sababu mkopo unarudi mzigo ukiuzika, na vikundi vingi vinashindwa kurejesha kwa kukosa wanunuzi, wote wamekopa wameshona batiki wanauziana wenyewe mtaa mmoja. Ile hela ya ukumbi na mikoba na chakula cha mgeni rasmi igeuzeni bando na Wi-Fi ya pale sokoni. Mwenye kitochi asitengwe, awekwe pamoja na mwenzie mwenye smatifoni wauze kama kikundi, yeye ashike daftari na simu za kupiga.

Muda wa kufundisha muwaulize wenyewe. Asubuhi muuza samaki hana dakika hata moja, mama lishe anapumua baada ya saa 9 mchana, fundi cherehani karibu na sikukuu usimguse. Na tathmini yenu iache kuhesabu waliosaini mahudhurio. Baada ya miezi mitatu rudini mumuulize mtu mmoja mmoja, umeuza kwa nani wa nje ya Tanga, tuonyeshe risiti ya basi. Mkikuta hawajauza, tuulizeni na sisi walimu tulikosea wapi.

Ningeomba muanze na soko moja tu, Ngamiani au Mgandini, kabla ya Ramadhani ijayo, sababu mwezi ule ndo watu wa Dar wanatafuta tambi, visheti, tende, udi, na nguo za Idi, na mtu akiingia akiwa ameshajua kupokea oda ataona faida mwezi huo huo. Kibanda changu nakitoa bure kila Jumamosi mchana, nina soketi za kuchajia na viti vichache, na wenzangu mafundi wa Makorora na Chumbageni nimeongea nao, wako tayari.

Majibu naomba yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi za kata na pale sokoni, maana wengi ninaowasemea hawamo kwenye magrupu ya WhatsApp ya viongozi.

Wenu,
Fundi simu wa Ngamiani, Tanga